Saba Mara Sabini Katika Kondele

Somo letu latoka katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, kuanzia mstari wa 21 mpaka mwisho wa sura. Aliye na Biblia na aifungue. Asiye nayo na atege sikio.

Hapo twamwona Petro akimwendea Bwana na swali la hesabu. Ataka kujua amsamehe ndugu yake mara ngapi. Yeye mwenyewe apendekeza mara saba, na bila shaka alidhani ametoa hesabu ya ukarimu. Bwana akamjibu kwa hesabu ambayo mtu hawezi kuitunza kichwani. Wengi wetu twaelewa kwamba alikuwa akisema juu ya ndugu anayekosa leo, akakosa kesho, akakosa tena mtondo. Ndivyo ilivyo. Lakini sisi tunaokaa upande huu wa ziwa tumejifunza na jambo jingine. Kosa moja tu, lililotendwa siku moja, nalo laweza kuhitaji kusamehewa saba mara sabini. Asubuhi umesamehe. Jioni umepita mahali fulani, umesikia jina fulani likitajwa, na moyo umewaka kama ulivyowaka siku ya kwanza. Huna budi kusamehe upya.

Ndiyo sababu leo twataka kusema juu ya kusamehe kama kazi ya kila siku, mfano wa kuomba na kusoma Neno. Na ili tusiseme maneno ya hewani, tutaanza na habari ya mahali petu.

Mtu akitoka katikati ya mji wa Kisumu kwa barabara ya Kakamega, hufika Kondele. Ni mahali pa kelele na kazi nyingi. Hapo matatu hupakia na kushusha abiria, bodaboda hungoja wateja, mafundi hupigilia misumari, na akina mama hukaa na omena na mboga zao mpaka usiku. Kabla ya kufika Kondele penyewe iko hospitali kubwa ambayo leo yaitwa kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga. Lakini ukimwuliza mzee njia, huenda atakuambia, "Pitia pale Russia." Jina hilo lilitokana na msaada wa nchi ya Kisovieti uliotumika kuijenga. Msaada huo ulipatikana miaka ya kwanza ya uhuru, wakati Jaramogi alipokuwa serikalini pamoja na Mzee Jomo Kenyatta.

Watu hao wawili walikuwa marafiki. Mwaka 1958, Mzee Kenyatta alipokuwa bado kifungoni na wengi wakiogopa hata kulitaja jina lake, Jaramogi alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema kwamba huyo na wenzake ndio viongozi wa kweli wa watu. Uhuru ulipokuja, mmoja akawa Rais na mwingine akawa Makamu wake. Kisha yakaja mafarakano. Mwaka 1966 Jaramogi alijiuzulu akaanzisha chama cha KPU. Tarehe 5 Julai 1969 Bwana Tom Mboya, mwana wa Kisiwa cha Rusinga, aliuawa kwa risasi mjini Nairobi, na nchi ya Wajaluo ikajaa matanga na uchungu.

Katika uchungu huo, Jumamosi tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta alikuja Kisumu kuifungua ile hospitali. Watu walikusanyika kwa maelfu. Wengine walikuja na hasira zao, wengine walikuja kumwona Rais tu, na wengine walikuwa watoto waliofuata umati kama watoto wafanyavyo. Kelele za chama zikapigwa. Maneno makali yakatoka jukwaani, mbele ya Jaramogi aliyekuwapo. Mawe yakarushwa. Walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni watu 11, na wengine wakasema walikuwa zaidi sana ya hao. Siku tano baadaye, tarehe 30 Oktoba, chama cha KPU kilipigwa marufuku. Jaramogi aliwekwa kizuizini mpaka mwaka 1971. Mzee Kenyatta aliaga dunia tarehe 22 Agosti 1978, na jambo lile halikuwa limepatanishwa.

Ndugu zangu, fikirini jambo hili kwa utulivu. Nyumba iliyojengwa kwa kuponya ilifunguliwa kwa kumwaga damu. Tena waliofarakana hawakuwa wageni. Walikuwa watu waliokula pamoja. Hasira iliyo kali kuliko zote huzaliwa kati ya watu waliopendana. Yusufu hakutupwa shimoni na Wamisri. Alitupwa na ndugu zake.

Basi hasira ile ilikwenda wapi? Haikuzikwa pamoja na wale waliokufa. Ilikaa jikoni na kwenye matanga. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1969 walirithi habari ya siku ile kama mtu arithivyo shamba. Wengine hawakuambiwa habari yenyewe hasa. Waliambiwa jina la kabila tu. Na mtu aliyerithi jina la adui bila kuijua habari ni mtu wa hatari, maana hajui deni ni kiasi gani wala nani anadaiwa. Yeye yu tayari kulidai kwa mtu yeyote.

Tuliyaona hayo baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007. Kondele ilijaa moshi. Vijana waliokuwa wakipiga makelele barabarani walipigwa risasi, na Tume ya Jaji Waki ilionyesha kwamba wengi wa waliokufa Kisumu walikufa kwa risasi za polisi. Katika nchi nzima tume hiyo ilihesabu wafu 1,133. Lakini katika siku hizohizo maduka ya Kisumu yaliporwa na kuchomwa moto. Majirani wa makabila mengine, waliokuwa wameishi nasi na kusali nasi, walikimbilia polisi kuomba hifadhi, wakaondoka mjini na mizigo michache. Na mwishoni mwa Januari 2008 Wajaluo waliokuwa Naivasha walichomwa ndani ya nyumba, na waliookoka wakarudi huku na majeraha. Nani katika hao hakuwa na deni la kudai? Na je, ni wangapi hawakuwa na deni la kulipa?

Hapa ndipo Neno la Mungu latujia. Twaona mambo manne katika mfano ule wa Mathayo 18, nasi tutayatazama moja moja.

Jambo la kwanza: deni hutajwa kwa kiasi chake. Yule mfalme hakusema, "Yaliyopita yamepita." Alifungua hesabu. Ikaonekana kwamba mtumwa adaiwa talanta 10,000, na mtumwa mwenziwe adaiwa dinari 100. Kusamehe kulianza baada ya hesabu kusomwa kwa sauti.

Wako Wakristo wadhanio kwamba kusamehe ni kusahau. Mjane akianza kusimulia habari ya mumewe, humkatiza na kumwambia, "Mama, mwachie Mungu." Maneno hayo ni mazuri, lakini mara nyingi husemwa kwa sababu sisi wasikilizaji tumechoka kusikia. Kidonda kilichofunikwa kabla ya kuoshwa hakiponi. Huoza ndani, na nje ngozi yaonekana nzuri. Yusufu alipowasamehe ndugu zake, katika Mwanzo sura ya 45, aliwakumbusha wazi kwamba wao ndio waliomwuza. Aliwaambia neno hilo machoni, akalia mpaka nje wakamsikia, kisha akawakumbatia. Basi ukweli juu ya mwaka 1969, au juu ya mwaka 2008, si adui wa msamaha. Ndio mlango wake.

Jambo la pili: kila mtu husamehe deni lake mwenyewe. Mfalme alisamehe lililokuwa lake. Hakuna mtu katika mfano ule aliyesamehe deni la jirani.

Hili twalisema kwa uangalifu. Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta, mwana wa Mzee Jomo, alisimama Bungeni akaomba radhi kwa makosa ya serikali yake na serikali zilizomtangulia. Akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya walioumizwa. Tarehe 9 Machi 2018 yeye na Bwana Raila Odinga, mwana wa Jaramogi, walishikana mikono mbele ya taifa. Tarehe 1 Juni 2021 sikukuu ya Madaraka ilifanyiwa Kisumu kwa mara ya kwanza, katika uwanja mpya wa Mamboleo ulioitwa kwa jina la Jomo Kenyatta. Angalieni jinsi Mungu atufundishavyo kwa barabara moja tu. Ukipita barabara ya Kakamega waliona jina la Jaramogi hospitalini, ukapita Kondele, ukaliona jina la Kenyatta uwanjani. Na Raila alipofariki mwezi wa Oktoba 2025, ni katika uwanja huo wenye jina la Kenyatta watu wa Kisumu walipokuja kumwaga.

Twamshukuru Mungu kwa kila mkono ulionyoshwa. Wazazi waligombana, na watoto wakasalimiana. Si jambo dogo. Lakini wakubwa wakisalimiana, mama aliyempoteza mwanawe bado yuko nyumbani kwake, na hakuna aliyemwuliza. Rais aweza kuomba radhi kwa niaba ya serikali. Hawezi kupokea msamaha kwa niaba ya mama yule, wala mchungaji hawezi kuutoa mimbarini kwa niaba yake. Na ahadi ya fedha si fedha. Familia nyingi zimeendelea kungoja. Kwa hiyo tusimharakishe aliyeumizwa. Tusimwambie, "Viongozi wamepatana, mbona wewe bado?" Tuketi naye. Msamaha wake ni wake, naye atautoa mbele za Mungu siku ile atakapopewa nguvu.

Tena tusichanganye kusamehe na kuiondoa haki. Mwezi wa Agosti 2017 mtoto mchanga alijeruhiwa na polisi ndani ya nyumba ya wazazi wake katika mtaa wa Nyalenda, akafa. Mwaka 2019 uchunguzi wa mahakama ya Kisumu ulisema kwamba maafisa wa polisi wapaswa kuwajibika. Mkristo akienda mahakamani kutoa ushahidi kama huo hajavunja amri ya msamaha. Kusamehe ni kukiondoa kisasi mkononi mwangu. Si kuuondoa ushahidi kinywani mwangu. Mtu aweza kumwombea askari usiku, na asubuhi akaenda kusema kweli mbele ya hakimu, na kazi hizo mbili zote zikawa za upendo.

Jambo la tatu: aliyesamehewa hubadilika mwenendo. Kosa la yule mtumwa lilikuwa nini? Alitoka kwa mfalme akiwa amesamehewa, akamkaba mwenzake koo. Msamaha ulipita masikioni, haukushuka mikononi.

Wazee wetu wa Uamsho walilifahamu neno hili sana. Mwaka 1929 Daktari Joe Church, mmishenari wa Gahini katika Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi huko Namirembe, wakaomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ule ukaenea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika, ukafika na Nyanza. Wengi wetu tumewaona wazee hao wakishikana mikono na kuimba Tukutendereza. Lakini kuimba hakukuwa mwanzo wa kazi yao. Mwanzo ulikuwa kutembea nuruni, kama 1 Yohana sura ya 1 inavyotufundisha. Mtu alisimama katika ushirika akalitaja kosa lake kwa jina. Kisha alikwenda kulitengeneza. Aliyeiba jembe alilirudisha jembe. Aliyemchukia bosi wake alikwenda kumwambia. Wazungu waliwaomba Waafrika radhi kwa kiburi chao, jambo ambalo siku zile lilikuwa la ajabu. Na juma lililofuata walikutana tena, wakaanza tena. Hawakungoja mkutano mkubwa wa mwaka. Ilikuwa desturi ya kila juma, mfano wa kufua nguo.

Lakini tusiwafanye wazee kuwa malaika. Katika Nyanza yetu uamsho huohuo ulileta na mvutano. Wako walioitwa Joremo, yaani watu wa damu, kwa kuwa walihubiri sana damu ya Yesu. Wako wengine walioitwa Johera, watu wa upendo. Mwaka 1957 wale Johera, pamoja na Padri Matthew Ajuoga, walitoka katika Kanisa la Anglikana, nalo Kanisa la Kristo katika Afrika likaanzishwa. Hatusemi nani alikosa. Bwana ndiye ajuaye, na leo makanisa yote mawili yanamhubiri Kristo. Twasema hivi tu: kuijua damu ya Yesu na kuujua upendo wa Yesu hakukuwazuia watu wa Mungu kuumizana. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kanisani kwake hakuna deni.

Mwanafunzi mmoja wa Uamsho alikuwa Festo Kivengere wa Uganda. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa katika utawala wa Idi Amin. Askofu Kivengere alikuwa katika hatari ileile. Yeye na mkewe wakakimbia usiku kwa miguu, wakivuka milima mpaka Rwanda. Alikuwa salama, lakini alianza kuona kitu kibaya ndani yake. Alipotaka kuomba, hasira ilimzuia. Alipohubiri, maneno yalikuwa makavu. Ijumaa Kuu ya mwaka ule alikuwa kanisani London, akitafakari yale Bwana aliyowaombea waliomsulibisha, katika Luka sura ya 23. Hapo Bwana alimgusa moyo kwamba Amin naye yumo katika maombi yale. Kivengere akatubu chuki yake. Baadaye akaandika kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni "Nampenda Idi Amin". Watu wakashangaa, na wengine wakakasirika.

Je, aliyaficha maovu ya Amin? La. Aliendelea kuyasema wazi duniani kote, na kuwasaidia wakimbizi wa Uganda, mpaka Amin alipoondolewa mwaka 1979. Alisamehe, na hakunyamaza. Na angalieni jambo hili: askofu huyu alikuwa ameokoka tangu miaka mingi, mwalimu wa msamaha, mhubiri wa mataifa. Hata hivyo, chuki ilipoingia ilimbidi kuanza upya, kama mtu wa siku ya kwanza.

Hapo twafika katika jambo la nne, nalo ni gumu kuliko hayo matatu: mtu kujisamehe nafsi yake.

Wako katikati yetu watu wawili ambao hatuwaoni. Wa kwanza ni yule aliyetenda. Mwaka 2008 alikuwa kijana, akaingia katika duka lililovunjwa, akatoka na mali. Leo ni baba wa watoto, pengine ni mzee wa kanisa. Akipita mahali duka lile liliposimama, hutazama upande mwingine. Wa pili ni yule ambaye hakutenda, lakini anajishtaki. Ni mama aliyemtuma mwanawe dukani saa ile risasi zilipoanza. Ni ndugu aliyesema, "Twende tukamwone Rais," akarudi peke yake. Kila siku husema moyoni, "Laiti nisingalimtuma. Laiti nisingalimwita."

Kwa yule wa kwanza twasema: utazameni mfano wa Petro na Yuda. Usiku mmoja wote wawili walimkosea Bwana. Wote wawili walijuta. Yuda alirudisha fedha, lakini akajihukumu mwenyewe, akajitekelezea hukumu. Petro alilia, akabaki pamoja na ndugu zake, na katika Yohana 21 Bwana alimkuta ufuoni kando ya moto wa makaa, akamwuliza mara tatu kama anampenda. Mara tatu alikuwa amekana, na mara tatu akaulizwa. Hakuna aliyekana mbele yako, Bwana, ambaye huwezi kumkuta ufuoni. Nawe ndugu, kumbuka Zakayo katika Luka 19. Wokovu ulipoingia nyumbani mwake, mkono wake ulikwenda mfukoni. Kama mwenye duka yu hai na waweza kumpata, mtafute. Kama hawezi kupatikana, liko jingine la kumtendea mgeni wa leo. Kujisamehe kusikokuwa na malipo ni kujifariji tu. Lakini ukishatubu na kulipa uwezavyo, usiendelee kujipiga. Mungu akisema umesamehewa, nawe ukasema hapana, umejifanya hakimu aliye juu ya Mungu. Hicho nacho ni kiburi, ingawa kimevaa gunia.

Kwa yule wa pili, mama yule, maneno yetu ni machache. Mama, deni hilo si lako. Ulimtuma mtoto dukani, kama mama wote watumavyo. Aliyefyatua risasi ndiye aliyefyatua. Adui anachukua deni la mtu mwingine na kuliandika katika kitabu chako, kisha anakuambia ulilipe kwa usingizi wako. Likatae kwa jina la Yesu. Na likirudi usiku wa manane, likatae tena. Nasi wa kanisa, yatupasa kumsaidia kulikataa, maana peke yake atachoka.

Ndugu wasikilizaji, wavuvi wetu wa Dunga watatuelewa tukisema juu ya gugu maji. Mnamo mwanzo wa miaka ya 1990 lilianza kuenea katika Ghuba ya Winam. Likafunika maji mpaka mitumbwi haikupita. Watu waling'oa kwa mikono, wakaleta mashine, wakaleta na wadudu wa kulila. Kuna wakati lilipungua sana, na watu wakasema limekwisha. Mvua zikanyesha, nalo likarudi, kwa maana mbegu zake hukaa matopeni miaka mingi zikingoja. Wakati mwingine upepo hulisukuma usiku kucha, asubuhi ghuba yaonekana safi, na jioni upepo wageuka. Je, mvuvi afanyeje? Hasemi, "Nililing'oa juzi, basi sitaling'oa tena." Hufungua njia ya mtumbwi wake kila asubuhi, apate kuwalisha watoto.

Ndivyo ilivyo kusamehe. Chuki ikirudi, usidhani kwamba msamaha wako wa kwanza ulikuwa wa uongo. Mbegu zilikuwa matopeni. Fungua njia tena. Twapendekeza desturi ndogo ambayo kila mtu aweza kuishika. Asubuhi, kabla ya kutoka, mtaje mbele za Mungu mtu mmoja anayekuuma, kwa jina lake, na kosa lake kwa jina lake, kisha useme, "Bwana, kisasi ni chako, leo sitakibeba." Jioni, kabla ya jua kuchwa, kama Waefeso sura ya 4 inavyotuonya, jiulize: leo ni nani aliyelala na uchungu kwa ajili yangu? Kama yuko karibu, nenda. Siku hizi wengi wetu tuna simu, mpigie. Kila juma, katika ushirika wenu, msikilizeni mmoja mpaka amalize, bila kumkatiza. Na kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana, pitieni hesabu zenu.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Watoto wetu watarithi kitu. Hatuwezi kuwazuia wasirithi. Tuwape habari yenyewe yote: waliokufa, waliopigwa, na hata walioporwa na watu wetu. Tuwaonyeshe ile hospitali pale Kondele. Tuwaambie kwamba ilifunguliwa siku ya damu, na kwamba tangu siku hizo wagonjwa wa kila kabila wametibiwa humo, na akina mama wengi wamejifungua humo. Nyumba haikubaki kama ilivyofunguliwa. Na moyo wa mtu, kwa neema ya Mungu, hauna haja ya kubaki hivyo.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, wewe waijua hesabu yetu yote, tunayodai na tunayodaiwa. Utupe ujasiri wa kuitaja na mkono mwepesi wa kulipa. Wafariji wanaowalilia watu wao katika Kondele, Nyalenda, Naivasha na kila mahali. Uwaondolee wale wanaojishtaki mzigo usio wao. Na kesho chuki itakaporudi, utupe neema ya kesho. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu, Amina.